Likizo ya Gundi na Majani

Jumatatu, 5 Agosti

Binti yangu amepiga simu asubuhi. Habari nzito. Yeye na mumewe wamehamishwa kikazi, wanapelekwa mbali, mahali ambapo shule ya maana hakuna. Mtoto wao, mjukuu wangu wa pekee, atabaki huku mwaka mzima. Abaki kwa nani? Hapo ndipo penye kazi. Mimi naishi ghorofa ya tatu. Chini kabisa, mlango wa kwanza, anaishi mama mzazi wa mkwe wangu, nesi mstaafu. Jengo moja, ngazi moja, babu juu, bibi chini, mtoto mmoja. Nikauliza nani ataamua. Binti akasema watakuja Jumapili, na mtoto mwenyewe ndiye atakayesema.

Mtoto mwenyewe! Ana miaka saba! Juzi alivaa gauni nyuma mbele na akashinda nalo hivyo hivyo mpaka jioni.

Niseme ukweli, maana humu hakuna shahidi. Namtaka. Tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, humu ndani nasikia friji tu. Mtoto huyu akiingia, nyumba inajaa mpaka kwenye pembe. Nimempa jina la Chiriku kwa sababu akianza kusema hanyamazi mpaka usingizi umkamate. Akikaa chini mwaka mzima, nitakuwa nasikia sauti yake ikipanda kwenye ngazi kama harufu ya chakula cha jirani. Siwezi.

Likizo hii wametuachia mtoto: usiku na asubuhi yuko kwa Nesi, mchana kwangu. Leo kapanda na karatasi. Bibi yake kamfundisha kuweka jani chini ya karatasi na kusugua kalamu ya rangi juu yake, mishipa yote ya jani inajitokeza. Nikasema hongera. Moyoni nikasema: haya, vita vimetangazwa.

Tena kuna maonyesho! Nesi ameshauri kwamba Jumapili tutandike meza uani, wazazi waone vitu mtoto alivyotengeneza likizo hii kwa majani, mbegu na mawe. Nikakubali upesi asije akajua naogopa. Niogope nini? Kiwandani nilikuwa mkaguzi wa viatu. Kiatu kilichopinda hakikunipita hata siku moja. Yeye ana nini? Sindano na dawa ya kikohozi!

Jumanne, 6 Agosti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, mgongo ukalia, nikatoa mkasi wa ngozi, uzi wa nta na kopo la gundi. Mradi wa kwanza: taji la majani.

Tulishuka na Chiriku kutafuta malighafi. Mlinzi wa jengo akaja mbio kusema kwamba ua wa maua ni wa kutazamwa, si wa kuchumwa. Nikamwambia hii ni elimu. Akasema elimu itumie majani yaliyoanguka. Basi nikaokota yaliyoanguka, pamoja na machache niliyoyasaidia kuanguka.

Nimeshona taji mwenyewe, mshono wa mkono, nafasi sawa kati ya jani na jani. Chiriku alipewa kazi ya kushika gundi. Ni kazi nyeti. Gundi ikimwagika hapo hakuna tena taji. Akaomba mkasi. Nikamwambia mkasi una wenyewe. Akaomba basi achague rangi. Nikamweleza kwamba rangi zinafuata utaratibu, kali mbele, hafifu nyuma. Akasema kwa Bibi rangi zinajipanga zenyewe. Ndiyo hayo malezi ya chini huko!

Kosa dogo: nilipima taji kichwani kwangu. Alipolivaa likapita masikio, likapita kidevu, likatua mabegani. Akaniuliza kama hilo ni taji au ni kola. Jioni majani yote yalikuwa yamenyauka. Nesi, tulipokutana ngazini, akanishauri kwa upole kwamba majani mabichi hulazwa kwanza kati ya vitabu vizito siku kadhaa. Nikamwambia mkwe, nashukuru, nilikuwa najua, nilikuwa nafanya majaribio.

Sikujua. Vitabu vizito vyote nimevipanga chini ya mguu mfupi wa meza.

Jumatano, 7 Agosti

Lazima nijue adui anaandaa nini kwa Jumapili. Asubuhi nimeshuka kwa Nesi kuomba chumvi. Akanipa. Nikapanda, nikamwaga kwenye kopo, nikashuka kuomba nyingine. Akanipa, akaniangalia. Mara ya tatu akaniambia mkwe, chumvi nyingi hivi itakupandisha presha, kaa nikupime. Akanipima. Ilikuwa imepanda. Akasema hizo ngazi ninazopanda na kushuka tangu asubuhi zinatosha kumpandisha presha hata kijana.

Lakini nimeona! Ukanda wa mashine ulipokuwa unanibana mkono, macho yalikuwa mezani. Ajabu! Takataka tupu! Konokono wa udongo hana kichwa. Mawe yamepakwa rangi mpaka chini ya tumbo. Kitu fulani cha njiti na manyoya ambacho sikuweza kutambua kama ni bundi au ni ufagio. Chiriku mwenyewe ana udongo mpaka kwenye nyusi, anaimba. Na Nesi? Amekaa pembeni anachambua maharage. Hamwangalii! Hamsahihishi! Mtoto anaharibu mbele ya macho yake, na yeye anachambua maharage.

Nimepanda ngazi kama kijana. Kwa bidhaa za namna ile, Jumapili ni yangu. Nikajiambia tulia, usishangilie kabla ya wakati. Halafu nikashangilia kidogo, jikoni, peke yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mradi mkubwa umeanza. Tausi! Ubao mpana, tausi mzima wa mbegu: maharage mekundu shingoni, choroko kifuani, dengu na mahindi mkiani, kila mstari na rangi yake. Gundi ya dukani haikutosha, nikapika ya unga wa ngano. Kisha nikapata wazo ambalo hata Nesi hawezi kulipata. Nikatia sukari. Sukari ikikauka inang'aa. Tausi atametameta.

Chiriku nilimpa kazi ya kupanga mbegu kwa ukubwa. Badala yake akawa anazimwaga kutoka bakuli hili kwenda lile, kwa sababu ati zinasema shiiii. Baadaye akachukua harage moja jekundu akataka kulibandika katikati ya kifua cha kijani. Nikamuuliza la nini. Akasema ni moyo. Nikamweleza, kwa subira, kwamba moyo wa tausi uko ndani na hauonekani kwa nje. Akalirudisha harage kwenye bakuli, akanyamaza.

Chiriku kunyamaza! Nikafurahi. Nikadhani somo limeingia.

Jioni mama yake akapiga simu kuongea naye. Nikasimama nyuma ya mlango, si kwa kusikiliza, nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nikamsikia akieleza habari za konokono. Konokono ana jina! Ana mke! Maelezo marefu mpaka kamba ikafungwa na kufunguliwa tena. Kisha mama yake nadhani akauliza habari zangu, maana akasema Babu hajambo, Babu ana kazi nyingi.

Basi. Konokono kapewa hotuba nzima, mimi nimepewa salamu. Tangu wakati huo sijala. Jumapili inakuja na mimi nimebaki na tausi.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa! Balaa kubwa!

Nimeamka nikakuta tausi anatembea. Nikafikicha macho. Anatembea! Siafu? Hapana, sisimizi, wale wadogo weusi, wamejipanga kutoka dirishani, ukutani, mezani, mpaka mkiani. Sukari! Nikaweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Nilikuwa nimechelewa, waliokuwa ndani walikuwa ndani, na sasa hawakuwa na njia ya kutoka. Nikapuliza. Nikapiga kwa kanga ya zamani. Dengu zikaanza kuruka.

Nikaona dawa yao ni jua. Nikambeba tausi mpaka roshani, nikamwegemeza kwenye ukingo. Nikaingia ndani kuchemsha chai, dakika chache tu. Nikasikia kelele. Kunguru! Mmoja kwanza, kisha ukoo mzima. Nilipotoka na ufagio mkia ulikuwa umekwisha na wameanza shingo. Nikarusha ufagio. Ufagio ukampiga tausi. Tausi akaenda chini.

Ilikuwa bado zamu ya Nesi. Alikuwa uani na Chiriku. Sauti yake ikapanda taratibu, akauliza mkwe, kwema huko juu? Huku inanyesha choroko.

Chiriku akaja juu mbio, mbegu zimemjaa kichwani, akicheka mpaka anakaa chini kwenye ngazi. Akasema hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na akaniomba turudie. Turudie! Mimi nimepoteza tausi, nimepoteza siku mbili, napoteza mtoto, na mtoto anacheka! Nikamkemea. Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. Kicheko kikakatika palepale. Midomo ikaanza kucheza, kisha machozi. Akashuka chini na hakurudi mchana.

Nimejisikia vibaya mno. Nimekaa naokota dengu moja moja sakafuni ili mikono iwe na la kufanya. Nampenda huyu mtoto kuliko kitu chochote nilicho nacho, na leo ameteremka zile ngazi akilia kwa sababu yangu.

Kesho nitamfurahisha. Nitampa kitu kikubwa zaidi.

Jumamosi, 10 Agosti

Hakuna muda wa kubembeleza mbegu. Nimekwenda kwa Seremala, karakana yake iko nyuma ya jengo. Nikamweleza nataka nyumba ya ndege, paa la magome ya mti, ukuta wa njiti, kingo za mawe madogo. Nikamwonya kwamba lazima ionekane imetengenezwa na mtoto wa miaka saba. Akakuna kichwa. Akasema amejifunza kazi yake kwa viboko ili anyooshe, na sasa uzeeni mtu anamtaka apinde. Mkono wake hautakubali. Nikamsihi apinde hata kidogo tu. Akajaribu. Ikatoka imenyooka kama kabati la benki.

Lakini nzuri! Mlango unafunguka na kufungwa! Nimeibeba chini ya koti joto lote hili, Mlinzi akaniuliza kama nimevunjika mbavu.

Chiriku alipopanda, kwanza nikamwomba radhi kwa jana. Akasema hakuna neno, Babu. Akanipa mkono kama mtu mzima. Nikafungua koti. Akaizunguka, akafungua mlango mdogo, akaufunga, akafungua. Akauliza nani kaitengeneza. Nikamwambia kesho baba na mama wakiuliza, aseme ni yeye. Akauliza kama huo si uongo. Nikamwambia si uongo, ni kufupisha maneno. Ukianza kumtaja Seremala na karakana yake hadithi inakuwa ndefu na wageni wamechoka na safari.

Akafikiri. Akauliza kama leo anaweza japo kuipaka rangi. Nikatazama yale magome, yalivyokaa safi. Nikamwambia hapana, lakini anaweza kunishikia gundi, kuna jiwe moja limelegea.

Akashika. Hakusema kitu mchana kutwa. Nadhani anaogopa kesho kama mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Nitaandika yote.

Walifika mapema. Meza mbili uani. Ya Nesi: konokono asiye na kichwa, mkewe, mawe, ufagio ambao kumbe ni bundi, karatasi za majani. Ya kwangu: nyumba ya ndege, peke yake, juu ya kitambaa cheupe nilichopiga pasi. Mkwe wangu wa kiume alisimama mbele yake akapiga mluzi. Nikatazama pembeni kwa unyenyekevu. Nilimwona Nesi anaitazama, kisha anamtazama mtoto.

Kwenye meza ya Nesi Chiriku alisema mpaka akakauka koo. Kila jiwe na ukoo wake. Kisha wakaja kwangu. Binti yangu akainama akamuuliza mwanawe hii nyumba nzuri ameitengenezaje.

Chiriku akanitazama, nikamkonyeza. Akatazama viatu vyake. Akafungua kinywa, akakifunga. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Babu alimwambia aseme ni yeye, lakini yeye hajui ilivyotengenezwa, kwa hiyo mama akiuliza zaidi atashindwa kujibu.

Njia ya mwongo ni fupi, ila sikujua inaweza kuwa fupi kiasi kile. Binti yangu alisema Baba! Neno moja tu. Hakuwa ameniita hivyo tangu nilipomchezea karata za wizi akiwa mdogo.

Baba yake mtoto, nadhani kwa kutaka kunisitiri, akabadili mazungumzo. Akachuchumaa akamuuliza Chiriku angependa kukaa wapi wao wakiwa mbali. Hapo hapo! Bila hata maji ya kunywa! Chiriku akashika kidole changu. Nikasema moyoni ee Mola. Akasema anampenda Babu sana. Kisha akasema atakaa chini.

Mama yake akamuuliza kwa nini. Akasema kwa Bibi yeye hutengeneza vitu. Kwa Babu yeye hushika gundi.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena zaidi ya wote. Nikasema nasikia mlango wangu unapigwapigwa na upepo, nikapanda juu. Nimefungua bomba la bafuni nikalia. Nimelia kama mtoto, na maji yanatiririka bure.

Baadaye Nesi akapanda. Ghorofa tatu, na magoti yake yale. Hakutaja nyumba ya ndege. Akaniambia mkwe, hizi ni ngazi tu, si bahari. Mchana ni wako kama kawaida. Nikamwambia macho yangu mekundu ni ya mafua. Akasema ndiyo, mafua yapo sana siku hizi.

Jumatatu, 12 Agosti

Kitanda nilichomtandikia Chiriku nimekitandua, kisha nikakitandika tena. Pazia lenye nyota nililomtundikia, liache likae.

Nimewaza usiku na mchana nilikosea wapi. Maana mtu mzima hujikosoa. Nimepata jibu. Nyumba ya ndege ilikuwa ndogo. Wazazi walikuwa na haraka. Nesi aliketi upande wenye kivuli. Na Seremala hakupinda hata kidogo, nilimwambia apinde. Hayo ndiyo makosa.

Mtoto hakuja mchana. Yeye na Nesi walikuwa wanawasindikiza wazazi wake. Friji inanguruma.

Jumanne, 13 Agosti

Amekuja! Bila kuitwa. Kabisha mlango kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa imebeba kitu. Nikafungua, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Akaweka kitu kiganjani mwangu, chepesi, kinakwaruza.

Ndege. Tumbo ni tunda kavu la msonobari. Mabawa ni majani makavu. Macho ni mbegu mbili, miguu ni njiti. Amemtengeneza peke yake, kasema, Bibi hakugusa hata mara moja. Akanieleza kwamba ni wangu. Kwamba ni wa kuongea na mimi asubuhi yeye akiwa chini, ili nyumba isiwe kimya mpaka yeye apande. Nikauliza nani kamwambia nyumba huwa kimya. Akasema hakuna, anasikia tu akiwa mlangoni.

Nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba nambana. Akakaa mchana wote, akasema bila kupumzika. Sijapata siku nzuri kama hii mwaka mzima. Hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu kwa mikono yake na kuniletea mpaka mlangoni. Hakuna.

Ameshashuka. Ndege yuko mezani mbele yangu. Tunatazamana. Ni mzuri sana.

Ila bawa la kulia liko juu kuliko la kushoto. Ukikaa naye muda utaona. Na jicho moja ni kubwa, lingine dogo, na mdomo umeangalia pembeni, ndege mzima anaonekana kama anasengenya mtu. Gundi imefurika shingoni. Masikini, mtoto hakuwa na mtu wa kumwelekeza.

Nimembandua mabawa kwa ncha ya kisu, polepole, nikayapima kwa rula, nikayakata yakawa sawa. Macho nimetafuta mbegu mbili zinazolingana. Mdomo nimechonga mpya. Gundi ya shingo nimeikwangua yote. Sasa kanyooka, ungedhani katoka dukani. Kesho Chiriku akipanda atamkuta hapa hapa mezani. Nina hamu mno ya kuona uso wake!